Tusihukumu Tusichokijua: Njia za Kupanga Uzazi na Namna Zinavyofanya Kazi

Maandiko ya kusoma nyumbani: Mithali 18:13, Mwanzo 1:28, Mwanzo 38:6-10, Luka 14:28-30, 1 Wakorintho 7:3-5, 1 Timotheo 5:8

  

Leo nitasema juu ya jambo ambalo kanisani kwetu tunalisema kwa sauti ya chini. Mama wanaongea juu yake kisimani. Wanaume wanaongea juu yake wakitengeneza nyavu. Lakini mbele ya mchungaji kila mtu ananyamaza. Hata hivyo maswali yanafika hapa redioni, na kila mara yanarudi yale yale matatu. La kwanza: mama anayetumia dawa ya kuzuia mimba, je, anaua mtoto? La pili: je, dawa hizi zinafunga tumbo kwa siku zote? La tatu: bwana akikataa, bibi afanye nini?

Maswali haya hayawezi kujibiwa kwa kupiga kelele. Mithali sura ya 18 inatufundisha kwamba mtu anayejibu kabla ya kusikia neno lote anajiletea aibu. Kwa hiyo tutafuata utaratibu huo. Kwanza tutasikia njia hizi zinafanya kazi namna gani ndani ya mwili. Halafu kila nyumba itapima mbele za Mungu.

Msingi wa Neno

Watoto ni zawadi ya Mungu. Hatutoki hapo. Katika Mwanzo 1:28 Mungu aliwabariki mtu mume na mtu mke, akawaambia wazae. Na mtoto aliyeko tumboni ni mtu anayejulikana na Mungu. Kumtoa ni dhambi, na kanisa letu halitabadilika katika neno hilo.

Lakini Neno lile lile linasema mengine pia. Katika Luka 14 Bwana Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, akasema mtu huyo anaketi kwanza na kuhesabu gharama. Katika 1 Timotheo 5:8 mtume Paulo anasema kwa ukali kwamba asiyetunza watu wa nyumba yake ameikana imani. Kuzaa ni baraka, na kutunza ni amri. Mtu anayehesabu mabati kabla ya kujenga nyumba, kwa nini tumwite asiye na imani akihesabu miezi kati ya mtoto na mtoto?

Wengine wataniuliza juu ya Onani, katika Mwanzo 38. Somo lile lisome polepole. Onani alipewa kazi ya kumzalia ndugu yake aliyekufa. Alikubali kumwingilia mjane, lakini alikataa kumpatia ndugu yake uzao. Alimdanganya mjane na kuiba urithi wa marehemu. Hilo ndilo andiko linaeleza. Bwana na bibi wanaopatana kupumzisha tumbo ili mtoto mdogo anyonye na kukua hawafanyi kazi ya Onani.

Wazee wetu walijua jambo hili kabla hospitali haijajengwa. Mtoto aliachiwa nafasi ya kunyonya, na aliyepata mimba upesi alichekwa. Hana, mama yake Samweli, alikaa nyumbani mpaka mtoto alipoachishwa ziwa. Mnaujua ugonjwa wa bwaki, mtoto anavimba miguu na nywele zinakuwa nyekundu. Waganga wanauita kwashiorkor. Jina hilo limetoka katika lugha ya Waga wa Ghana, nalo linasema juu ya mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake anayekuja. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mama aliyezaa apumzike angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine.

Katika nchi yetu jambo hili ni la uzima na mauti. Uchunguzi wa taifa wa 2013-2014 ulionyesha kwamba mama wa Kongo anazaa kwa wastani watoto 6.6. Kati ya akina mama 100 walioolewa, 8 tu walikuwa wanatumia njia ya kisasa ya kupanga uzazi. Na kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, mama 846 walikufa kwa sababu ya mimba au kuzaa. Wachungaji wa mkoa huu tunajua maana ya hesabu hiyo, kwa sababu sisi ndio tunaoitwa kuzika.

Mimba inaanza namna gani

Ninyi wa Kalemie mnajua stesheni yetu. Mnajua treni ya kwenda Kabalo haipiti kila siku. Abiria wanafika na mizigo yao, wanalala pale, wanangoja. Treni ikija na wao wapo, safari inaanza. Ikija nao hawapo, inapita tupu. Shikeni mfano huo, utatusaidia mpaka mwisho.

Yai la mwanamke ni kama treni ile. Kwa kawaida linatoka mara moja kila mwezi, nalo linaishi kama siku moja tu. Mbegu za mwanaume ni abiria. Zikiingia zinaweza kungoja ndani ya mwili wa mama mpaka siku 5. Ndiyo maana watu wanaweza kukutana siku ya Jumatatu, yai likatoka Alhamisi, na mimba ikashika. Yai na mbegu vinakutana ndani ya mrija unaoelekea kwenye mfuko wa uzazi. Baada ya kukutana, linapita karibu juma moja kabla ya kujishika katika ngozi ya ndani ya mfuko huo. Kama halikukutana na mbegu, ngozi ile iliyotayarishwa inabomoka na kutoka. Ndiyo damu ya mwezi.

Sasa, kila njia ya kupanga uzazi inasimama mahali fulani katika safari hiyo. Ukijua inasimama wapi, umeielewa.

Njia zenye homoni

Homoni ni wajumbe wa mwili. Zinatembea ndani ya damu na kupeleka habari kutoka kiungo kimoja mpaka kingine. Mama akiwa na mimba, mwili wake wenyewe unatoa homoni zinazoambia ubongo: usiite yai lingine, tumbo lina mtu. Kwa hiyo mama mwenye mimba hatoi yai. Mungu mwenyewe aliweka kizuizi hicho. Wataalamu walipotambua jambo hilo walitengeneza homoni zinazofanana na zile, wakaziweka katika vidonge. Kidonge cha kwanza cha namna hiyo kilikubaliwa na serikali ya Marekani mwaka 1960.

Njia za homoni zinafanya kazi mbili kubwa. Ya kwanza, zinazuia yai lisitoke: treni haiondoki mwezi huo. Ya pili, zinafanya ute wa mlango wa mfuko wa uzazi uwe mzito: geti la stesheni limefungwa na abiria hawapiti.

Vidonge vinamezwa kila siku, saa ile ile. Kuna vyenye homoni mbili na kuna vyenye moja tu. Mama anayenyonyesha mtoto mchanga anapewa vile vya homoni moja, kwa sababu vile vingine vinaweza kupunguza maziwa. Tena, mama mwenye tansio au aliyewahi kuganda damu katika mishipa hapaswi kupewa vya homoni mbili. Hii ndiyo sababu nawaomba: msichukue vidonge vya jirani. Kidonge kinachomfaa yeye kinaweza kukuumiza wewe. Kati ya mama 100 wanaotumia vidonge namna watu wanavyovitumia kweli, pamoja na kusahau, karibu 7 wanapata mimba kwa mwaka.

Sindano inalinda miezi 3. Siku hizi kuna pia ya kuchomwa chini ya ngozi, yenye dawa ndogo na sindano fupi, ambayo mama akifundishwa vizuri anaweza kujichoma mwenyewe. Kazi yake ni kuzuia yai lisitoke. Kwa mwaka, karibu mama 4 kati ya 100 wanapata mimba, wengi wao kwa sababu walichelewa kurudi kwa sindano nyingine.

Vijiti vya mkononi vinawekwa chini ya ngozi ya mkono, sehemu ya juu. Kuna kijiti kimoja cha miaka 3, na kuna viwili vya miaka 5. Vinatoa homoni kidogo kidogo. Hapa mimba ni chache sana, hazifiki hata 1 kwa mama 100 kwa mwaka. Mama anaweza kuondolewa vijiti siku yoyote anayotaka, lakini vitolewe na muuguzi aliyefundishwa, si kwa wembe wa nyumbani.

Angalieni pia dawa zinazopigana. Mama anayemeza dawa za kifua kikuu, hasa rifampicini, au dawa nyingine za virusi vya SIDA na za kifafa, amwambie muuguzi. Dawa hizo zinaweza kupunguza nguvu ya vidonge na vijiti.

Njia zisizo na homoni

Kunyonyesha. Hii haina bei. Lakini ina masharti matatu, na yote yawepo pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6; ananyonya tu, mchana na usiku, bila uji wala maji; na damu ya mama haijarudi. Masharti yakitimia, ni mama 2 tu kati ya 100 wanaoshika mimba katika miezi hiyo 6. Sharti moja likivunjika, kinga imekwisha. Wengi wanasema kunyonyesha kuliwadanganya. Ulize kama mtoto alikuwa anapewa uji.

Kuhesabu siku. Hapa bwana na bibi wanajua treni inapita lini, na abiria hawaendi stesheni siku hizo. Kuna shanga za kuhesabia zilizotengenezwa kwa kazi hii. Wengi katika Kongo wanaziita kolie. Zina punje 32. Mama anasogeza kapete kila siku kuanzia siku ya kwanza ya damu. Punje nyeupe zinaanza siku ya 8 mpaka ya 19. Hizo ndizo siku za kushika mimba. Inafaa kwa mama ambaye mzunguko wake ni wa siku 26 mpaka 32, na inataka bwana anayekubali kungoja. Karibu 12 kati ya 100 wanapata mimba kwa mwaka. Wakiishika bila kukosa, ni karibu 5.

Kapoti. Abiria hawafiki stesheni. Karibu 13 kati ya 100 wanapata mimba kwa mwaka, mara nyingi kwa sababu haikuvaliwa kila wakati au ilivaliwa vibaya. Katika njia zote ninazotaja leo, ni hii tu inayozuia pia virusi vya SIDA na magonjwa ya zinaa. Katika ndoa ambayo mmoja ana virusi na mwingine hana, kapoti ni upendo.

Kitanzi cha shaba, kile waganga wanachokiita DIU. Ni kitu kidogo chenye umbo la herufi T, kinawekwa ndani ya mfuko wa uzazi. Shaba yenyewe, ile tunayoijua sisi watu wa Katanga ya zamani, inaharibu nguvu ya mbegu, zisiweze kusafiri na kukutana na yai. Abiria wanaishiwa nguvu njiani. Kinakaa mpaka miaka 10, na hakileti homoni mwilini. Mimba hazifiki 1 kwa mama 100 kwa mwaka. Kinaweza kuongeza damu ya mwezi na maumivu, hasa miezi ya kwanza.

Kufunga mirija, kwa mama au kwa papa. Hapa reli imekatwa. Kwa mama, mayai hayapiti tena. Kwa papa, mbegu hazitoki tena, lakini nguvu yake ya mwanaume inabaki, na haja yake inabaki, hahasiwi. Upasuaji wa papa ni mdogo kuliko wa mama, na lazima wangoje miezi 3 wakitumia njia nyingine mpaka mbegu zilizobaki zimalizike. Njia hii ni ya waliokwisha kuamua. Usiifanye ukidhani kesho utaifungua.

Na ile ya kumwaga nje, ambayo wengi wanaitumaini: karibu 20 kati ya 100 wanapata mimba kwa mwaka. Ni afadhali kuliko bure, lakini usishangae.

Swali la kwanza: je, ni kuua?

Sasa mmesikia safari yote, mnaweza kujibu wenyewe. Kapoti, shanga, kunyonyesha, kufunga mirija: hakuna mtoto aliyeanza. Vidonge, sindano, vijiti: kazi yao ni kuzuia yai lisitoke na mbegu zisipite. Treni haikuondoka, hakuna msafiri aliyekufa.

Nitasema ukweli wote. Homoni zinafanya pia ngozi ya ndani ya mfuko wa uzazi iwe nyembamba. Na kitanzi kikiwekwa baada ya watu kukutana, kinaweza kuzuia yai lisijishike. Kwa sababu hiyo kuna ndugu ambao dhamiri yao haitulii. Siwadharau. Kama dhamiri yako inakusumbua hapo, iko njia inayosimama mapema katika safari, kabla ya yai na mbegu kukutana. Ichague hiyo kwa amani. Lakini usimwite dada yako mwuaji kwa sababu amechomwa sindano inayozuia yai kutoka. Neno hilo ni zito. Mama akilisikia kutoka madhabahuni anaanza kuficha karte yake ya sindano. Anapotoka damu nyingi, anaogopa kusema. Anapoumwa kichwa, anaogopa kurudi kituoni kwa sababu mke wa shemasi anaweza kumwona. Hukumu yetu imemnyima msaada.

Swali la pili: je, tumbo linafungwa?

Hapana, isipokuwa kwa kufunga mirija, na hilo linaelezwa mbele. Vidonge vikiachwa, vijiti na kitanzi vikitolewa, uwezo wa kuzaa unarudi upesi. Sindano ndiyo inakawia: baada ya sindano ya mwisho, kwa wastani inapita kama miezi 10 kabla ya kushika mimba. Hapo ndipo mashaka yanaingia. Mama ameacha sindano, miezi 6 imepita, mama mkwe anaanza kusema tumbo limeharibiwa. Kama unataka mtoto mwakani, mwambie muuguzi tangu leo, atakushauri njia nyingine.

Wengi wanaogopa pia damu isipotoka. Wanasema: damu inakusanyika tumboni, itakuwa uvimbe. Wapendwa, damu ya mwezi ni ile ngozi iliyotayarishwa. Sindano inafanya ngozi ile isijengwe kwa unene. Kisichojengwa hakibomoki. Hakuna damu iliyojificha. Lakini kama damu inatoka nyingi mno, kama mguu mmoja umevimba na kuuma, kama kifua kinabana au kichwa kinauma kwa ukali na macho hayaoni vizuri, usingoje maombi ya Ijumaa. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na sisi tutaomba ukiwa njiani.

Swali la tatu: bwana akikataa?

Papa, sasa naongea nawe. 1 Wakorintho 7 inasema mwili wa bibi una haki kwa bwana. Andiko hilo mnalikumbuka sana. Mbona mnasahau linaloendelea, kwamba mwili wa bwana nao una haki kwa bibi? Na Paulo anaongeza neno la kupatana. Bwana ambaye hajawahi kukaa na bibi yake kuuliza, mwili wako unasikiaje tangu mtoto wa mwisho, huyo hajalisoma andiko lile mpaka mwisho.

Na serikali nayo imesema. Zamani, wakati wa Wabelgiji, tangu 1933 sheria ilikataza kutangaza na kuuza vitu vya kuzuia mimba. Desemba 1972 Rais Mobutu alisimama mbele ya wabunge akasema juu ya naissances désirables, maana yake watoto wanaozaliwa wakati wanatamaniwa. Wazee wanalikumbuka neno hilo. Na sheria ya afya ya 13 Desemba 2018 inaruhusu kila mtu aliye katika umri wa kuzaa kupata njia hizi. Kwa watu walioolewa kisheria inataka wapatane wote wawili. Wakikosa kupatana juu ya njia, uamuzi wa yule ambaye njia itaingia mwilini mwake ndio unatangulia.

Sitaki nyumba zifike huko. Sheria inaweza kumpa mama kidonge, haiwezi kumpa amani mezani. Papa, mpeleke bibi yako. Keti pale benchini pamoja naye, sikia maelezo ya muuguzi kwa masikio yako. Mwanaume aliyesikia maelezo haogopi uvumi wa sokoni. Na wewe mama, ukiweza, sema naye mapema, wakati wa utulivu, si siku ya ugomvi. Kama kwako kuna fimbo na unaogopa kusema, njoo kwa mama wa kanisa unayemwamini. Kanisa halitakutoa siri.

Neno juu ya waliotendewa kwa nguvu

Siwezi kufunga bila kusema hili. Tangu vita vya Waluba na Watwa, na mapigano mengine yaliyofuata, tumepokea hapa Kalemie watu waliokimbia Nyunzu, Manono na vijiji vingine. Kati yao kuna mama na binti waliobakwa. Na tusijidanganye, hata hapa mjini yanatokea.

Dada, kama umetendewa hivyo, hukufanya dhambi. Nenda kituo cha afya au hospitali upesi, kabla ya saa 72. Kuna dawa za kuzuia virusi vya SIDA, ambazo lazima zianze ndani ya saa hizo. Na kuna kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Kinafaa zaidi ndani ya siku 3, na nguvu yake inapungua mpaka siku ya 5. Kidonge hicho kinachelewesha yai lisitoke mpaka mbegu zimekufa: treni inachelewa, abiria wanachoka kungoja wanaondoka. Kama mimba imekwisha kushika, hakiwezi kuitoa wala kumdhuru mtoto.

Wazazi, msimfungie binti nyumbani kwa aibu siku tatu mkijadili mahari au faini na familia ya mwenye kosa. Saa zile hazirudi.

Kwa vijana, na kwa sisi wachungaji

Kijana, somo hili si ruhusa. Ndoa ni mahali ambapo Mungu aliweka jambo hili, nami nakuomba ungoje. Lakini ujinga haujawahi kumlinda mtu na dhambi. Binti asiyejua mwili wake anadanganywa na wa kwanza anayemwambia kwamba mara moja tu haileti mimba. Inaleta.

Wachungaji wenzangu na wazee wa kanisa, hatukuitwa kuandika dawa. Hiyo ni kazi ya wauguzi na madokta katika zoni 11 za afya za mkoa huu, Kalemie, Nyemba na nyingine zote. Lakini tuliitwa tusiseme uongo. Kabla ya kufundisha juu ya jambo hili, mwalike muuguzi aje mbele ya wana ndoa wa kanisa lako. Mwache aeleze, mwache aulizwe. Halafu wewe fungua Biblia. Mama akitoka pale ataweza kwenda kituoni mchana, na bwana yake kando yake.

Tuombe. Baba wa mbinguni, wewe uliyetuumba tumboni mwa mama zetu, tunakushukuru kwa kila mtoto uliyetupa. Uwape papa masikio, uwape mama ujasiri wa kusema. Uwaguse wauguzi wetu, wafanye kazi kwa uangalifu. Uwaponye waliotendewa kwa nguvu. Utuzuie sisi watumishi wako tusihukumu tusichokijua. Katika jina la Yesu. Amina.

Mambo ya kuzungumza nyumbani, bwana na bibi

1. Mtoto wetu wa mwisho ana miezi mingapi, na mwili wa mama umepumzika kiasi gani?
2. Je, tunataka kuongeza mtoto? Kama ndiyo, baada ya muda gani?
3. Ni uvumi gani tulioamini juu ya njia hizi, na tutamwuliza muuguzi maswali gani?
4. Ni njia ipi ambayo dhamiri zetu wote wawili zinaikubali mbele za Mungu?
5. Siku gani tutaenda kituo cha afya pamoja?